Ndege Yenye Maboya Iliyozipita Zenye Magurudumu: Namna ya Kuzisoma Ndege za Mashindano za Zamani

Kila baada ya muda huzuka kwenye simu zetu picha ya ndege nyekundu, nyembamba kama sulisuli, iliyokalia maboya mawili marefu badala ya magurudumu, na chini yake pameandikwa kwamba mwaka 1934 iliruka kwa kasi ya kilomita 709 kwa saa. Mabishano hufuata papo hapo. Mmoja atasema picha imetengenezwa kwa kompyuta. Mwingine atasema ilikuwa kilomita 209 na mwandishi amekosea tarakimu. Wa tatu atauliza, na swali lake ndilo zuri kuliko yote, inawezekanaje chombo kinachobeba mitumbwi miwili hewani kiipite ndege ya magurudumu.

Tarakimu ni sahihi. Ndege hiyo ni Macchi M.C.72 ya Italia, na aliyeirusha ni Francesco Agello, juu ya Ziwa Garda, tarehe 23 Oktoba 1934. Hadi leo hakuna ndege ya majini yenye injini ya pistoni iliyowahi kuipita. Ubishi hauishi kwa sababu watu huitazama ndege peke yake, wakasahau mashindano yaliyoizaa. Ndege ya mashindano ni jibu, na swali lake limeandikwa katika kanuni: njia ina urefu gani, ina kona ngapi, chombo kiondokee nchi kavu au majini, kitue njiani au kisitue. Asiyelijua swali ataliona jibu kuwa kichekesho, kama mgeni anayeikuta jahazi ya mashindano ya Lamu imepandishwa ufukweni akashangaa tanga lote lile ni la kubebea mzigo gani.

Kabla ya kwenda mbali, tuelewane juu ya maneno machache. Kiwiliwili ni bomba la katikati la ndege, anamokaa rubani. Rafadha ni lile pangaboi la mbele linalovuta ndege. Maboya ni miguu ya ndege ya majini, ambayo hukaa juu ya maji kama mirengu ya ngalawa. Ukinzani ni nguvu ya hewa inayoirudisha ndege nyuma, na aliyewahi kutoa kiganja nje ya dirisha la gari linalokimbia anaujua: ukikilaza kiganja hewa hupita, ukikisimamisha mkono wote husukumwa nyuma. Na kasi, neno ambalo ndilo chanzo cha ugomvi mwingi, ina maana mbili. Kuna kasi ya wastani ya mashindano, ambayo ni umbali wa mizunguko yote uliogawanywa kwa muda, kona zikiwemo. Na kuna kasi ya rekodi, inayopimwa katika kipande kifupi kilichonyooka, rubani akikipita mara kadhaa kwa pande zote mbili ili upepo usimsaidie wala kumdhulumu.

Ndege moja inaweza kuwa na tarakimu tatu zote za kweli. Supermarine S.6B ya Uingereza ilishinda mashindano ya ndege za majini ya Kombe la Schneider tarehe 13 Septemba 1931 kwa wastani wa kilomita 547 kwa saa. Siku hiyohiyo ndege ya pili ya aina hiyo iliweka rekodi ya kilomita 610. Na tarehe 29 mwezi huo George Stainforth akaifikisha ile ya kwanza kilomita 655. Anayenukuu 547 na anayenukuu 655 hawapingani, ila hawazungumzii jambo moja.

Kwa nini nguvu peke yake haitoshi

Mashindano makubwa ya kwanza ya kimataifa ya ndege yalifanyika karibu na mji wa Reims, Ufaransa, mwezi Agosti 1909. Mmarekani Glenn Curtiss alishinda Kombe la Gordon Bennett kwa mizunguko miwili ya kilomita 10, akaenda kwa wastani wa kilomita 75 hivi kwa saa na kumwacha Mfaransa Louis Blériot kwa sekunde chache tu. Ndege ya Curtiss ilikuwa ya mabawa ya tabaka mbili, moja juu ya jingine, yaliyoshikanishwa kwa vijiti na nyaya, na rubani alikaa nje kabisa, upepo ukimpiga kifuani.

Fundi anayetaka kuongeza mwendo atafikiria kwanza injini kubwa zaidi, na hapo ndipo hesabu humshinda. Ukitaka kwenda kwa kasi mara mbili, ukinzani wa hewa haukui mara mbili bali mara nne. Na kwa kuwa unausukuma ukinzani huo kwa kasi mara mbili, nguvu inayodaiwa kwa injini inafika mara nane. Ndiyo maana injini ya Rolls-Royce ya S.6B ilipoongezwa nguvu kutoka takriban nguvu-farasi 1,900 mwaka 1929 hadi 2,350 mwaka 1931, yaani karibu robo nzima, wastani wa mashindano ulipanda kwa kilomita 18 tu. Kwa hiyo historia ya ndege hizi, ukiichimba, ni zaidi historia ya kuvua kuliko ya kuongeza: kuvua nyaya, kuvua vijiti, kuvua rejeta, kumvua rubani nafasi ya kugeuza mabega.

Mvuaji mkubwa wa kwanza alikuwa Mfaransa Louis Béchereau, mbunifu katika kampuni ya Deperdussin. Ndege za wakati wake zilijengwa kama nyumba ya fito: kuna mifupa ya mbao inayobeba uzito wote, halafu kuna kitambaa kinachoziba upepo tu, kama udongo unavyoziba fito. Béchereau alifuata njia ya kibuyu. Kibuyu hakina mifupa ndani. Ganda lenyewe ndilo linalobeba, na ni gumu ajabu kwa wembamba wake. Mafundi wake walibandika tabaka tatu za mbao nyembamba kwa gundi juu ya kalibu, wakatoa nusu mbili za ganda, wakaziunganisha, na ganda lote lilikuwa na unene wa milimita chache. Umbo la duara lililonyooka kama risasi, ambalo kwa fito lingekuwa kazi ya kuumiza kichwa, sasa lilitoka kwenye kalibu bila shida.

Ndege hiyo, Deperdussin Monocoque, ilishinda Kombe la Gordon Bennett mwaka 1912 huko Chicago ikiwa na Jules Védrines, na tena mwaka 1913 huko Reims ikiwa na Maurice Prévost, ambaye alivuka kilomita 200 kwa saa. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu ushindi wa Curtiss wa kilomita 75. Hata hivyo ndege hii ilikuwa bado na mguu mmoja katika zama za kale: ilipinda upande kwa kuvuta nyaya zilizokunja ncha za mabawa, na injini yake ya Gnome ilikuwa ya aina ambayo silinda zote huzunguka pamoja na rafadha, zikilainishwa kwa mafuta ya nyonyo.

Prévost huyohuyo ndiye anayewachanganya watafiti wapya. Mwezi Aprili 1913 alishinda mashindano ya kwanza ya Kombe la Schneider huko Monaco akiwa na Deperdussin yenye maboya, na vitabu vinaandika wastani wa kilomita 73 hivi kwa saa, chini ya ule wa Curtiss wa 1909. Je, maboya yaliirudisha ndege nyuma kiasi hicho? Hapana. Prévost alitua mapema na kuukata mstari wa mwisho akiwa juu ya maji, ilhali kanuni ilitaka aukate akiwa hewani. Waamuzi wakamlazimisha kuruka tena, na muda wote aliopoteza ukaingizwa kwenye hesabu. Tarakimu ni ya kweli, lakini inapima kosa la rubani na si uwezo wa ndege.

Maji kama uwanja usio na mwisho

Sasa turudi kwenye swali la mitumbwi hewani. Jacques Schneider, Mfaransa mwenye mali, alitoa kombe lake mwezi Desemba 1912 kwa imani kwamba bahari ndiyo ingekuwa kiwanja cha ndege cha dunia, na akaweka sharti kwamba nchi itakayoshinda mara tatu ndani ya miaka mitano italichukua moja kwa moja.

Kwamba maboya huongeza ukinzani, hilo halina ubishi, na tuna ushahidi safi kuliko kawaida. Mwezi Oktoba 1925 ndege moja ya Curtiss ya Marekani ilishinda mashindano mawili makubwa ndani ya wiki mbili. Kwanza, ikiwa na magurudumu na ikiitwa R3C-1, ilishinda Kombe la Pulitzer mikononi mwa Cyrus Bettis kwa wastani wa kilomita 400 kwa saa. Kisha ikavuliwa magurudumu, ikavishwa maboya, ikaitwa R3C-2, na Jimmy Doolittle akashinda nayo Kombe la Schneider huko Baltimore kwa kilomita 374. Njia hazikuwa sawa, hivyo tofauti yote haiwezi kubebeshwa maboya, lakini mwelekeo unaonekana.

Ikiwa maboya ni hasara, faida ilitoka wapi? Ilitoka kwenye bawa. Bawa lina kazi mbili zinazogombana: wakati wa kuondoka na kutua linatakiwa liwe kubwa, ili liinue uzito hata mwendo ukiwa mdogo, wakati wa kukimbia linatakiwa liwe dogo, maana kila kipande chake cha ziada ni ukinzani. Ndege ya magurudumu ya miaka ile iliondoka kwenye uwanja wa nyasi wenye mita mia chache, ikalazimika kubeba bawa kubwa la kuinukia na kuliburuta safari nzima. Ndege ya majini ilikuwa na ghuba nzima mbele yake. Iliweza kukimbia juu ya maji kilomita moja, hata zaidi, hadi bawa dogo likubali kuinua. S.6B ilipojaa mafuta ilikuwa na uzito wa takriban kilo 2,760 juu ya bawa la mita za mraba 13.5, yaani kila mita ya mraba ilibeba zaidi ya magunia mawili ya kilo mia.

Rafadha nayo ilinufaika kwa njia hiyohiyo. Rafadha ya wakati ule ilikuwa kipande kimoja kisichobadilika, kama baiskeli yenye gia moja. Ukichagua gia nzito utakimbia sana kwenye tambarare, lakini kuanza ni taabu tupu. Mwenye ghuba angeweza kuvumilia taabu hiyo. Mwenye uwanja mfupi angeishia kwenye ua wa jirani. Ongeza kwamba serikali za Marekani, Italia na Uingereza zilimwaga fedha katika mashindano haya ya majini, na ndipo utaelewa kwa nini rekodi ya dunia ya mwendo ilishikwa na ndege za maboya tangu Novemba 1927 hadi Machi 1939, ilipochukuliwa na Heinkel He 100 ya Ujerumani.

Ushindi wa Doolittle wa 1925 ulikuwa wa mwisho kwa ndege ya mabawa ya tabaka mbili. Katika mashindano hayohayo Mwingereza R. J. Mitchell wa Supermarine alileta ndege yake S.4, ya bawa moja lisilo na waya hata mmoja wa kulishikilia, chombo cha kupendeza kuliko vyote vilivyokuwepo. Kikaanguka majini kabla ya mashindano yenyewe, na rubani akaokoka. Hapa ndipo watu wanaodhani maendeleo hupanda kama ngazi hupigwa chenga. Ndege iliyofuata ya Mitchell, S.5, iliyoshinda Venice mwaka 1927 kwa kilomita 453, ilirudisha nyaya. Mitchell alijua nyaya zinaongeza ukinzani, lakini zilimpa bawa jembamba, jepesi na lisilotikisika, na faida hiyo ilizidi hasara. Mtu akikuonyesha picha mbili na kudai yenye nyaya ndiyo ya zamani zaidi, mwulize mwaka.

Shida kubwa iliyobaki ilikuwa joto. Injini yenye nguvu-farasi 2,350 hutoa joto la kuchemsha masufuria yasiyohesabika, na rejeta ya kawaida iliyosimamishwa kwenye upepo ni kama kile kiganja kilichosimamishwa nje ya dirisha. Jibu lilikuwa kuigeuza ngozi ya ndege kuwa rejeta. Katika S.6B maji ya moto yalipita chini ya ngozi ya mabawa na ya sehemu ya juu ya maboya, huku oili ikipita ubavuni mwa kiwiliwili hadi kwenye bawa la wima la mkia na kurudi. Petroli ilikaa ndani ya maboya, na boya la kulia lilijazwa zaidi, kwa sababu rafadha ikizungushwa kwa nguvu kubwa huipindua ndege upande wa pili na kulizamisha boya la kushoto wakati wa kuondoka. Mario Castoldi wa Macchi alilitatua hilo la mwisho kwa namna nyingine: M.C.72 ina injini mbili za Fiat zilizopangwa mstari mmoja, zikizungusha rafadha mbili kwa pande zinazopingana, moja ikifuta nguvu ya kupindua ya nyingine. Ufumbuzi huo ulichelewa kukamilika, marubani wakafa katika majaribio, Italia ikakosa mashindano ya 1931, na Uingereza ikaruka peke yake na kulichukua kombe moja kwa moja. Ndege nyekundu ya kwenye simu, kwa maneno mengine, haikuwahi kushindania kombe hilo. Rekodi yake ilikuja miaka mitatu baada ya mashindano yenyewe kufa.

Uvumi unaopendwa mno

Uvumi wa kwanza ni kwamba ndege ya kivita Spitfire ni S.6B iliyovuliwa maboya. Ubunifu ulitoka kwa Mitchell huyohuyo, na hapo ndipo ukweli wa uvumi huo unapokoma. Kati ya ndege hizo mbili kuna nyingine ambayo wasimuliaji huiruka, Type 224 ya mwaka 1934, yenye miguu isiyokunjika na injini iliyosumbua kwa joto, na haikufua dafu. Spitfire iliyoruka mara ya kwanza mwezi Machi 1936 ilikuwa na bawa jipya kabisa na injini ya Merlin ya lita 27, ambayo si ile ya mashindano iliyokuwa na lita 36.7. Kilichorithiwa ni ujuzi: namna ya kujenga ngozi ya chuma inayobeba uzito, namna ya kusukumia hewa zaidi ndani ya injini, namna ya kuchanganya mafuta yasiyolipuka kabla ya wakati. Mpishi mmoja anaweza kupika pilau na biriani. Hakuna anayesema biriani ni pilau iliyoondolewa kitu.

Uvumi wa pili unahusu Gee Bee R-1 ya Marekani, ndege fupi, nene kama pipa, yenye mabawa ya kuonea huruma na kiti cha rubani kilichosukumwa nyuma karibu na mkia. Husemwa ilichorwa na watu wasiojua kitu. Ndugu wa Granville, wa Springfield, Massachusetts, hawakuwa wajinga. Injini yao ya silinda zilizopangwa duara ilikuwa pana, na walikwishaona kwamba tone la maji lenye tumbo nene na mkia mrefu hupita hewani vizuri kuliko bomba lililokatwa ghafla, kwa hiyo wakaufuata unene wa injini badala ya kupigana nao, wakapima mfano mdogo katika handaki la upepo. Mwaka 1932 Doolittle alishinda nayo Kombe la Thompson huko Cleveland na kuweka rekodi ya ndege za magurudumu, kilomita 476 kwa saa. Lakini kusema haikuwa ujinga si kusema ilikuwa salama. Lowell Bayles alikufa mwezi Desemba 1931 katika Gee Bee iliyotangulia, na Russell Boardman alikufa mwaka 1933 katika R-1 yenyewe. Iliundwa kwa mbio fupi za kuzunguka minara, chini chini, na nje ya swali hilo haikuwa na huruma.

Linganisha na De Havilland Comet ya 1934, iliyojibu swali la aina nyingine: kutoka Mildenhall, Uingereza, hadi Melbourne, Australia, na kituo cha kwanza cha lazima kikiwa Baghdad, zaidi ya kilomita 4,000. Hapo mafuta ndiyo bwana. Bawa lilikuwa jembamba mno kuyabeba, hivyo matangi yalijazwa puani, na marubani wawili wakasukumwa nyuma, wakikaa mmoja nyuma ya mwingine. Kiti chao kiko nyuma kama cha Gee Bee, kwa sababu tofauti kabisa. Rafadha zake zilikuwa na gia mbili: kabla ya kuruka fundi alizijaza upepo kwa pampu ya baiskeli ili zikae kwenye gia nyepesi, na kasi ilipopanda, msukumo wa hewa ulifungua vali na rafadha ikaingia gia nzito, ikabaki humo hadi ndege itue. Charles Scott na Tom Campbell Black walifika Melbourne kwa muda wa saa 71 hivi. Huyu Campbell Black hakuwa mgeni Afrika Mashariki: alikuwa rubani wa Wilson Airways ya Nairobi tangu kampuni hiyo ilipoanzishwa na Florence Kerr Wilson mwaka 1929, na jina la kampuni bado linabebwa na Uwanja wa Ndege wa Wilson.

Kwa anayetaka kuchimba mwenyewe, vyanzo si haba, ila vina mitego. Anza na rekodi rasmi za shirikisho la kimataifa la urukaji, FAI, lililoanzishwa mwaka 1905, kisha magazeti ya urukaji ya miaka yenyewe, kisha ndege zilizosalia: Deperdussin iko Le Bourget, R3C-2 katika makumbusho ya Smithsonian, S.6B katika Science Museum ya London, M.C.72 huko Vigna di Valle karibu na Roma, na Comet iliyoshinda iko Old Warden, Uingereza. Hakikisha kipimo, maana maili 340 kwa saa zikinakiliwa kama kilomita 340 hugeuza bingwa kuwa kobe. Usiamini namba iliyopakwa ubavuni bila mwaka wake, kwa kuwa ndege moja ilibadilishwa injini, mkia na hata miguu kati ya msimu na msimu. Usiamini mchoro wa kuundia vinyago vya ndege kuliko picha ya siku ya mashindano. Na ukiona video safi ya rangi ya Gee Bee nyekundu na nyeupe ikijigeuza ubavu chini chini mbele ya umati, tambua kwamba unaitazama nakala iliyojengwa upya, iliyoanza kuruka mwaka 1991 ikiendeshwa na Delmar Benjamin.